Uzi: Medali za mwanzo za Marekani na chapa zake za majaribio – mwaka ulio usoni usikuingize mkenge

UkingoKwanza (mleta mada)

Wakuu, habari za humu.

Kwenye ule uzi wa sarafu za mkoloni kuna ndugu aliuliza kama medali ya shaba yenye sura ya George Washington na mwaka 1776 ni "original". Akajibiwa ndiyo, akajibiwa hapana, maelezo hakuna. Nimeona tuzungumze hapa kwa nafasi. Niko Pennsylvania kikazi, na hizi medali ndiyo ugonjwa wangu.

Kwanza kabisa: mwaka unaousoma kwenye medali ni mwaka wa tukio. Haukwambii chuma kiligonga shaba lini. Hiyo ya Washington inakumbuka 17 Machi 1776, siku Waingereza walipoikimbia Boston. Bunge la Wamarekani walioasi, Continental Congress, lilipitisha azimio la kumpa Washington, jenerali wao, medali ya dhahabu tarehe 25 Machi, siku nane tu baadaye. Haraka iliishia hapo. Washington aliishika medali yake mwaka 1790, vita vimekwisha na yeye ndiye rais.

Nchi ilikuwa haina kiwanda cha sarafu (cha Philadelphia kimeanzishwa kwa sheria ya 1792), hazina imekauka, na mafundi wa kuchonga mihuri ya chuma kwa kiwango kile walikuwa Paris. Kwa hiyo kazi ikaenda Paris. Benjamin Franklin aliianza, baadaye ikawaangukia David Humphreys na Thomas Jefferson. Wasomi wa Kifaransa wakatunga maneno ya Kilatini, na uchongaji wakagawana Duvivier, Dupré na Gatteaux. Ya Washington ni ya Duvivier, na sura aliitoa kwenye sanamu ya Washington iliyochongwa na Houdon. Upande wa nyuma kuna jenerali juu ya farasi na maofisa wake kilimani, chini bandari, meli za Waingereza zinaondoka. Kipenyo kama milimita 68. Hicho si kitu cha kuning'iniza shingoni, ni kitu cha kuweka mezani na kukitazama.

Sasa mtego uko hapa. Shujaa alipewa moja ya dhahabu. Zikapigwa chache za fedha na shaba za kugawa. Halafu mihuri ikabaki kabatini, na mihuri ikibaki kabatini, mtu ataitumia tena tu. Paris waliendelea kuzipiga karne yote ya 19. Philadelphia nao wakachonga mihuri ya kuigiza ile ya Paris na kuuza nakala zao. Zote hizo zimeandikwa 1776!

Ulizeni, nitajibu ninavyoweza.

Kinyozi Msomi

Nimekaa siti ya mbele. Mkuu endelea kushusha nondo.

Mpemba_wa_Chake

Hili sisi watu wa visiwani halitushangazi. Reale ya Maria Theresa, wazee wetu wameitumia kwa mahari na kwa karafuu, na zote zimeandikwa 1780. Yule bibi alikufa 1780, na Vienna wakaendelea kuzipiga hivyohivyo, halafu Rome, London, mpaka Bombay. Ukimwonesha sonara wa Darajani reale, mwaka hausomi. Anatazama lulu kwenye bruchi ya begani ya yule mama na anapima uzito.

UkingoKwanza

Shekhe umenirahisishia kazi. Ndivyo hasa. Tofauti ni kwamba reale ilikuwa pesa, ilipigwa upya kwa sababu watu waliikataa yenye sura nyingine. Medali zilipigwa upya kwa sababu wakusanyaji walizitaka na hazikutosha.

Babu Mchapo

Samahani mleta mada, mimi mtu wa kizamani nauliza swali la kizamani. Kama muhuri ni uleule alioukata Duvivier kwa mkono wake, na kiwanda ni kilekile, basi ya mwaka 1850 ina kasoro gani? Kanga ikichapwa leo kwa mchoro wa zamani bado ni kanga.

UkingoKwanza

Shikamoo babu. Haina kasoro, na wala si feki. Ni halali, ya kiwanda halali. Ila si ile iliyopita mikononi mwa watu wa wakati ule, na bei zake ni mbingu na ardhi. Feki ni pale muuzaji anapoiuza ya 1850 kwa bei ya zile za kwanza huku anajua.

Na Wafaransa, tuwape haki yao, walituachia ushahidi. Kuanzia mwaka 1832 kiwanda cha Paris kilianza kugonga alama ndogo kwenye ukingo, pamoja na jina la metali: CUIVRE kwa shaba, ARGENT kwa fedha, baadaye BRONZE. Taa ya kale ndiyo ya kwanza, ikaenda hadi 1841. Ikafuata nanga kwa muda mfupi sana. Omo ya jahazi, 1842 hadi 1845. Mkono unaonyoosha kidole, 1845 hadi 1860. Nyuki, 1860 hadi karibu 1880. Kisha pembe iliyojaa matunda, ambayo wanaitumia mpaka leo. Kwa hiyo medali ya Washington ikiwa na nyuki ukingoni, imepigwa miaka si chini ya 60 baada ya yeye kufa. Mjadala umefungwa, hata kama muuzaji anakuapia.

Ndiyo maana nilichagua jina hili humu ndani.

NairobiMnada

Na kama ukingo hauna kitu kabisa, boss? Mimi nimeona wanaandika "plain edge" kwa mbwembwe, bei inapanda mara kumi.

UkingoKwanza

Hapo ndipo watu wanapigwa. Ukingo mtupu, kama haukuchezewa, unakwambia kitu kimoja tu: haikupigwa Paris baada ya 1832. Inaweza kuwa ya zamani kweli. Inaweza kuwa ya Paris ya 1820 na kitu, marudio ya kabla ya alama. Na inaweza kuwa ya Philadelphia, maana nakala za shaba za kiwanda cha Marekani kwa kawaida kingo zake ni tupu pia. Pia kuna wahuni wanaosugua alama kwa tupa, na ukizungusha ukingo chini ya taa utaona sehemu moja imebonyea au inang'aa kuliko jirani zake.

Kwa hiyo ukingo ukiwa kimya unahamia kwenye muhuri. Muhuri wa chuma unazeeka. Unapata ufa mwembamba, na ufa huo ukijazwa shaba unatokea kwenye medali kama uzi ulioinuka. Ufa haurudi nyuma. Medali yenye ufa mrefu imepigwa baada ya yenye ufa mfupi, na isiyo nao ilitangulia zote. Kutu nayo hivyohivyo: muhuri uliokaa kabatini bila mafuta unakula vishimo, na vishimo vinatoka kwenye medali kama chunusi kwenye eneo lililotakiwa kuwa laini. Mtu anaposema "ya asili" nami naona chunusi, namwachia medali yake.

Rangi pia ina habari zake. Philadelphia karne ya 19 walikuwa wakiipaka shaba unga na kuipitisha kwenye joto, inatoka rangi ya chokoleti au mbao ya mninga. Zile za karne ya 20 ni za njano-njano, hazina kina. Hizo za njano unazipata kwa dola 30, 50. Ni nzuri kwa kujifunzia, sizibezi hata kidogo, na ningekuwa mwalimu wa historia ningenunua seti.

DadaMinnesota

Kaka naomba uizungumzie Libertas Americana. Nimeiona kwenye kabati la jumba la makumbusho, yule mwanamke mwenye nywele zinazopepea, nikasimama pale mpaka mlinzi akanisogelea.

UkingoKwanza

Dada, hapo umegusa mshipa. Hiyo ndiyo medali ninayoipenda kuliko zote, na kwa maoni yangu hakuna iliyoifikia katika zile za mwanzo.

Haikuagizwa na bunge. Ni wazo la Franklin mwenyewe. Machi 1782, akiwa Paris, alimwandikia Robert Livingston, aliyekuwa akishughulikia mambo ya nje, kwamba tangu habari za ushindi wa Yorktown anafikiria medali: Hercules, yule shujaa wa hadithi za Wagiriki, akiwa bado mtoto mchanga, yuko kitandani, ananyonga nyoka wawili. Nyoka wawili ni majeshi mawili ya Waingereza yaliyotekwa mazima, la Burgoyne kule Saratoga na la Cornwallis kule Yorktown. Ukitazama chini upande ule utakuta tarehe zake, 17 na 19 Oktoba, 1777 na 1781. Pembeni anaruka chui, huyo ndiye Uingereza, na kati yake na mtoto amesimama Minerva, mungu wa kike wa Warumi, na ngao yenye maua ya mfalme wa Ufaransa. Kilatini kinachozunguka kimetoka kwa mshairi wa Kirumi, Horace: mtoto ana ujasiri, lakini si bila msaada wa miungu.

Angalieni ujanja wa mzee. Washington hayumo. Hakuna jenerali hata mmoja wa Kimarekani. Mtu mzima pekee kwenye picha ni Ufaransa, ndiye anayepigana. Franklin alikuwa bado anahitaji fedha za Wafaransa, na alijua medali itakwenda kwenye meza za nani. Mbili za dhahabu alipewa Mfalme Louis XVI na Malkia Marie Antoinette, za fedha wakapewa mawaziri, za shaba zikagawanywa kwingine. Zile mbili za dhahabu hazijaonekana tena baada ya mapinduzi yao.

Dupré alimaliza kazi 1783. Upande wa uso ndio huo dada amesimama kuutazama: kichwa cha Libertas, yaani Uhuru, kinatazama kushoto, nywele zimerudi nyuma kana kwamba upepo umemkabili, kofia ya uhuru iko juu ya mti nyuma ya bega, chini 4 JUIL. 1776. Milimita 48 hivi. Philadelphia walipoanza kupiga senti na nusu senti mwaka 1793, sura ile ndiyo iliyoingia kwenye pesa, pamoja na kofia yake na mti wake.

Bei? Ya shaba ya wakati ule ikiwa safi inazidi dola 10,000. Ya fedha imeshavuka 100,000. Za kisasa za Paris zenye pembe ukingoni ni bei ya chakula cha jioni na familia.

Kinyozi Msomi

Dola elfu kumi kwa kipande cha shaba. Hapa kwetu shaba tunaiba kwenye nyaya za TANESCO.

NairobiMnada

😂😂 Kinyozi rudi kwa wateja wako.

Mkuu, ile ya dhahabu ya jenerali Daniel Morgan iliuzwa 2022 kwa dola 960,000. Na ile si ya kwanza, ni ya pili! Nilishindwa kuelewa.

UkingoKwanza

Umeiweka vizuri, maana ile ndiyo inayompa babu Mchapo nguvu ya hoja. Morgan alipewa medali kwa ushindi wa Cowpens, Januari 1781, kazi ya Dupré. Baada ya kufa kwake ikarithiwa na mjukuu, Morgan Neville. Mwaka 1818 benki iliyokuwa inaitunza kule Pittsburgh ikavunjwa na wezi, medali ikaenda. Mjukuu akaliomba bunge, bunge likachukua muda wake, likaidhinisha 1836. Ikabidi mihuri mipya ichongwe Paris na Jean-Jacques Barre, kwa kufuata kazi ya Dupré, miaka zaidi ya 50 baada ya vita. Hiyo ndiyo iliyouzwa. Ni nakala, lakini ni nakala iliyoamriwa na bunge kwa familia ya shujaa mwenyewe, iko peke yake, kwa dhahabu. Wanunuzi walijua hayo yote waziwazi na bado wakapanda bei. Kwa hiyo babu, marudio hayana aibu. Aibu ni kuficha.

Babu Mchapo

Marahaba mwanangu, nilichelewa kukuitikia. Hapo nimeridhika. Sasa kichwa cha mada kinasema chapa za majaribio, mbona umezipita?

UkingoKwanza

Nilikuwa nazihifadhi, babu.

Mchongaji anakata muhuri kinyume: kinachoinuka kwenye medali, yeye anakichimba, na kulia kunakuwa kushoto. Chuma bado hakijachomwa kuwa kigumu. Atajuaje pua imekaa sawa? Anamwaga bati lililoyeyuka, au bati na risasi, juu ya karatasi. Linapoanza kuganda, kabla halijakauka kabisa, anashusha muhuri juu yake kwa mkono. Pah! Metali inaruka pembeni, na katikati inabaki sura, upande mmoja tu, nyembamba, kingo zake zimechanikachanika. Wakusanyaji wanaiita klishe. Anaitazama, anarudi kwenye muhuri, anaongeza unyoya wa nywele au anasafisha herufi, anamwaga tena.

Niliwahi kuishika moja kwenye maonyesho ya sarafu, kichwa cha Libertas. Unene haufiki milimita mbili, rangi ya kijivu iliyopoa. Nyuma karatasi imegandia, na mtu aliiandika wino ambao sasa ni wa kahawia. Ukingo wa chini umepinda, metali ilimkimbia fundi upande huo. Lakini nywele! Kwenye medali ya shaba, ambayo imepigwa mara kadhaa na kuchomwa kati ya pigo na pigo ili ilainike, nyuzi za nywele karibu na sikio huwa zimelala kidogo. Kwenye bati kila mkwaruzo wa patasi umeingia, hata ule mstari mwembamba aliojipigia fundi wa kumwongoza wapi herufi zisimame, ambao baadaye huwa unafutwa.

Ndiyo maana nasema humu na niko tayari kubishana: ukitaka kumwona Dupré akiwa kazini, usitafute medali ya fedha ya waziri. Tafuta kipande hiki kibaya cha bati.

NairobiMnada

Nabisha. Klishe haikutolewa kwa mtu yeyote, haikusherehekea chochote. Ni takataka za karakana. Historia iko kwenye kitu kilichokabidhiwa. Mimi nitanunua medali iliyochakaa ya mwanajeshi kuliko bati jipya la fundi.

UkingoKwanza

Ni haki yako, na ndiyo raha ya jambo hili. Ila kumbuka mihuri mingine ilivunjika au ilipotea. Hapo takataka ya karakana ndiyo shahidi aliyebaki.

Tahadhari kwa mwenye hamu: bati ni laini, usilisafishe kwa kitu chochote, hata kwa kitambaa. Lenye risasi likikaa kwenye kabati la mwaloni au boksi la kadibodi ya bei rahisi, mvuke wa asidi unaligeuza unga mweupe, na unga huo ni sumu, nawa mikono. Vifuko vya plastiki laini vile vinavyonuka havifai hata kwa shaba. Na usibandue karatasi ya nyuma hata iwe imechakaa vipi, maana nusu ya ushahidi iko pale.

DadaMinnesota

Niwapeleke upande mwingine kidogo. Huku ninakoishi ni nchi ya Wadakota na Waojibwe, wenyeji wa asili, na medali zinazozungumzwa sana ni zile za amani, walizopewa machifu wao na serikali. Hizo mnazionaje? Maana mimi nikiziona mnadani roho haitulii.

UkingoKwanza

Umefanya vizuri kuuliza. Za mwanzo, za serikali ya Washington, ni bamba la fedha la umbo la yai, limechongwa kwa mkono moja moja: rais na mwenyeji wa asili wanashika kiko, nyuma tai. Ziko za 1789 (hizo badala ya rais zina umbo la mwanamke), 1792, 1793 na 1795. Kwa kuwa hazikupigwa kwa muhuri, hakuna ufa wala kutu ya kufuatilia, na ndiyo maana zimeghushiwa kupindukia. Za Jefferson, za 1801, ni za duara, kazi ya John Reich, na kubwa yake inapita sentimita 10. Kiwanda hakikuwa na uwezo wa kuipiga fedha nene ya ukubwa ule, kwa hiyo walipiga maganda mawili membamba wakayaunganisha kwa pete ya fedha. Ndani tupu. Wale wasafiri wa serikali, Lewis na Clark, walizibeba kwenda magharibi, na machifu walitakiwa kuzivua zile za mfalme wa Uingereza.

Kuhusu roho kutotulia, uko sahihi. Nyingine zimetoka makaburini. Tangu 1990 kuna sheria ya Marekani inayozilazimisha taasisi zinazopata fedha za serikali kuu kurudisha mabaki na vitu kama hivyo kwa wenyewe. Medali ya 1792 ya Red Jacket, yaani Sagoyewatha wa Waseneca, ilikaa kwenye jumba la makumbusho la Buffalo zaidi ya karne moja, ikarudishwa kwa Waseneca mwaka 2021. Mimi binafsi za amani sinunui, naziangalia tu. Nakala za shaba zilizopigwa kiwandani kwa ajili ya wakusanyaji ni habari nyingine, hizo hazikuvuliwa kwenye shingo ya mtu.

Mpemba_wa_Chake

Hilo la shingo limenikaa. Ahsante dada kwa kulileta.

Kituo_cha_Basi

Wakuu mimi ndiye yule niliyeuliza kwenye uzi ule mwingine. Medali ni ya marehemu mjomba, alikuwa baharia. Nimeitoa sasa hivi nikaizungusha juani. Kuna kitu kama kiganja kinanyoosha kidole, halafu C-U-I-V-R-E.

UkingoKwanza

Pole kwa msiba wa mjomba. Mkono na CUIVRE ni Paris, kati ya 1845 na 1860, kwa hiyo ni shaba halali yenye miaka 160 na zaidi. Usiipake Brasso wala ndimu! Ipime uzito kwa mizani ya sonara, pima kipenyo, kagua ukingo kama kuna mstari wa maungio unaozunguka wote, maana huo ungekuwa wa nakala iliyotengenezwa kwa umeme na kuunganishwa vipande viwili. Angalia pia kama kuna vitundu vidogo kama vya mkate usoni, hiyo ni dalili ya kumiminwa kwenye kalibu. Kisha weka hapa picha tatu: uso, nyuma, na ule mkono kwa karibu.

Kituo_cha_Basi

Sonara amefunga kwa swala. Nikirudi naweka.